Mjane Aliyesikiliza Sinema Ukutani

Alhamisi Kuu asubuhi, Fulgencio Baena, mwenye ukumbi wa sinema, alibandika tangazo kwenye ukuta wa tanuri la mikate, na tangu saa hiyo Obdulia Carrasco hakuweza tena kusuka. Alisuka akafumua, akasuka akafumua. Kazi yake ilikuwa majamvi ya duara ya nyasi ya esparto, yale ambayo wenye vinu huyapandanisha moja juu ya jingine, zeituni zilizosagwa zikiwa katikati yake, kabla ya kuyaminya yatoe mafuta. Jamvi la kinu halitaki mkono wenye mawazo. Safu moja ikilegea litapasuka siku ya kuminywa, na mji mzima utajua limetoka nyumba gani.

"Umeanza lini kusuka kama mlevi?" aliuliza Brígida, mama mkwe wake, bila kuinua macho kutoka kwenye rozari.

"Nyasi zimekauka, Mama."

"Zimekauka. Haya."

Tangazo lilionyesha mvulana wa miaka kama kumi, mdomo wazi, nywele zimepakwa mafuta hadi zinang'aa, mkono mmoja ameunyoosha mbele kama anayeomba mvua. Huyo ndiye Goyito Robledo, ambaye mwaka huo wa 1961 ilikuwa vigumu kumpata mama Hispania ambaye hajalizwa naye walau mara moja. Filamu iliitwa *Mtoto wa Kinu*. Miji mikubwa ilikuwa imeshaiona na kuichoka. Peñamora, kama miji yote ya milimani, ililetewa mikanda ikiwa imeshakwaruzwa na mashine za mkoa mzima wa Jaén. Lakini chini ya jina la mvulana Fulgencio alikuwa ameongeza kwa rangi, kwa mkono wake mwenyewe: IMEPIGWA HAPAHAPA KWETU. Ingeonyeshwa Jumapili ya Pasaka na Jumatatu yake, alasiri. Jumanne mikanda ingepanda basi na kwenda zake.

Ndani ya filamu hiyo, mahali fulani katikati, alikuwemo Leandro, mume wa Obdulia, akiwa na baghala wake wa mizigo na sentensi moja ya kusema. Na Leandro alikuwa amekufa kwa kichomi Januari ya mwaka uliotangulia.

Peñamora haina eda ya kuhesabu miezi. Mjane huingia kwenye nguo nyeusi na hakuna anayemtarajia atoke. Nguo zote za Obdulia, hata ile ya maua aliyoolewa nayo, zilitumbukizwa kwenye sufuria ya rangi nyeusi uani siku ya pili ya mazishi. Madirisha ya mbele yalifungwa. Ukuta wa nje haukupakwa chokaa, ikawa nyumba yao ni ya kijivu kati ya nyumba nyeupe, kama jino bovu. Redio ilipelekwa kwa jirani. Hata chiriku wa Leandro aliondolewa, kwa sababu ndege hajui msiba. Ngoma, harusi, sinema, hivyo vyote vilikuwa vya wenye nguo za rangi. Kanisa halikuamuru lolote kati ya hayo. Padri aliwahi kusema mimbarani kwamba dirisha lililofungwa halijampeleka mtu mbinguni; wanawake wa Peñamora walimsikiliza kwa adabu, wakarudi makwao, wakayafunga vizuri zaidi.

Obdulia hakuwa mwasi wa mambo hayo. Alikuwa binti wa msusi, mjukuu wa msusi, mtu wa maneno machache, akaolewa na mtu wa maneno mengi, na kwa miaka tisa hakuona haja ya kuongea. Leandro alizungumza na baghala, alizungumza na supu, alimzungumzisha Mtakatifu Antoni aliyetundikwa ukutani na kumlaumu kwa bei ya shayiri. Hawakujaliwa mtoto. Kelele zote za nyumba ile zilikuwa zake. Alipozikwa, Obdulia aligundua kwamba saa ya ukutani ilikuwa na mlio, jambo ambalo hakuwa amelijua.

Sura ya mumewe alikuwa nayo. Ilikuwapo picha ya harusi, ilikuwapo na ya kitambulisho. Sauti ndiyo iliyokuwa ikimponyoka. Miezi ya kwanza aliweza kuiita. Akiwa anasuka ilikuja yenyewe kutoka mlangoni, ikamwita jina. Kisha vuli moja alitambua kwamba jina linakuja bila sauti, kama kitu kilichosomwa kwenye karatasi. Hakumwambia mtu. Angeanzaje? Mke anamsahau mumewe kabla rangi ya nguo zake haijapauka?

Kwa hiyo hakutaka kuiona ile filamu. Alitaka kuisikia sentensi moja tu.

Sentensi yenyewe aliijua kuliko sala. Mei ya mwaka wa kabla ya kifo chake, watu wa filamu walipokuja na malori yao, wakakodi kuta na mbuzi na visima, msimamizi wao alitafuta mtu wa mizigo, akamtazama Leandro usoni, akasema, "Huyo." Mvulana Goyito, aliyepotea njia, anamuuliza mtu mwenye baghala barabara ya kwenda mjini, na yule mtu anajibu: "Shuka na mto, mwanangu. Mto haupotei." Basi. Walirudia asubuhi nzima, kwa kuwa baghala Capitana alikuwa ameshajifunza maneno hayo na aliondoka kabla hayajaisha. Leandro alirudi nyumbani uso umepakwa poda na akakataa kunawa hadi mtaa wote umuone. Tangu hapo akawa na jibu moja kwa kila swali. Ukimuuliza chumvi iko wapi, "Shuka na mto, mwanangu." Padri akimuuliza mbona Jumapili hakuonekana, "Mto haupotei, Padri." Siku moja Brígida alimtupia kandambili.

Sasa maneno yalikuwepo yote, na hapakuwa na mtu wa kuyasema.

Jumamosi, kwenye mabirika ya kufulia, Casilda alimsogelea Obdulia, akaanza kukamua shuka lake kwa nguvu zisizohitajika. Casilda alikuwa rafiki yake tangu utoto, na ua wake ulipakana na ukumbi wa Fulgencio. Banda la kuku wake lilikuwa limeegemea ukuta uleule ambao kwa upande wa pili ulitundikwa kiwambo cha picha.

"Shoga," alisema Casilda, akilitazama shuka, "kuku wangu wametaga sana wiki hii."

"Wametaga?"

"Hata sijui nitawafanyaje. Njoo kesho ununue mayai. Wakati ule watu wakiingia sinema, maana mtaa unakuwa mtulivu."

Hakuna mtu Peñamora ambaye hakuyajua mayai ya Casilda. Mwenye msiba haingii sinema, lakini mwenye msiba hula, na anayekula hununua mayai, na mayai hayachaguliwi kwa haraka. Kila filamu nzuri ilipokuja, wanawake wawili watatu wenye nguo nyeusi walionekana wakiingia uani kwa Casilda na vikapu, na wakitoka saa mbili baadaye macho mekundu. Hakuna aliyeuliza. Kuta za mji ule zilikuwa na adabu, nazo zilikuwa nyembamba.

"Nitakuja," alisema Obdulia.

Siku ya Pasaka, baada ya chakula, alichukua kikapu. Brígida alikuwa mezani, mbele yake sahani ya vipande vya mkate vilivyochovywa maziwa na kukaangwa, ambavyo hakuvigusa.

"Mayai tunayo," alisema Brígida.

"Ni ya zamani, Mama."

"Ya zamani. Jana yalikuwa mapya." Aliusogeza mkate kwa kidole. "Nenda basi. Usichelewe kuchagua."

Banda la Casilda lilinuka kama mabanda yote. Walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, migongo ukutani, kuku wakiwazunguka kwa mashaka. Kwa kuwa ilikuwa Pasaka, hakuja mteja mwingine. Sauti ilipita kwenye tofali kama maji kwenye jamvi: muziki kwanza, kisha Goyito akaanza kuimba, sauti nyembamba iliyopanda ikapanda mpaka jogoo akainua shingo.

"Huyu mtoto atapasuka," alinong'ona Casilda.

Ukumbi haukuwa ukitazama filamu, ulikuwa ukijitafuta ndani yake. Kila mara mtu alipiga kelele. "Nyumba ya Cosme hiyo!" "Mbuzi wangu, tazama, yule mwenye pembe moja!" "Kaa chini, na pembe zako!" Obdulia alihesabu kwa nyimbo. Leandro alikuwa amesema yuko baada ya wimbo wa kisimani. Wimbo wa kisimani ukaja, ukaisha. Mikono yake ilikuwa imeshika mpini wa kikapu ikiuzungusha, ikiuzungusha, hata Casilda akaweka kiganja chake juu yake.

Kwato zikasikika. Kisha sauti ya mvulana: "Bwana, njia ya kwenda mjini ni ipi?"

Halafu sauti nene, laini, iliyonyooka, ikasema: "Shuka na mto, mwanangu. Mto haupotei."

Ndani, ukumbi ulilipuka. Vicheko, miluzi, watu wakipiga viti kwa miguu. Mtu aliita, "Leandro!" na kicheko kikapanda tena. Nje, Obdulia aliketi vilevile alivyoketi. Alikuwa amesubiri kitu kimgonge kifuani, na hakikumgonga. Ilikuwa kama kumsikia msafiri akimjibu msafiri mwingine barabarani.

"Umemsikia?" aliuliza Casilda. Uso wake ulikuwa na mkunjo usioeleweka. "Huu ukuta, unajua, unabadilisha..."

"Nimemsikia."

"Sauti ilikuwa..."

"Nimemsikia, Casilda. Asante."

Aliondoka kabla ya wimbo wa mwisho, na kikapu kitupu.

Brígida alikuwa palepale mezani. "Mayai yako wapi?"

"Kuku hawakutaga."

"Kuku wa Casilda. Siku ya Pasaka." Kisha, kwa sauti ya chini, akiutazama ukuta: "Alisema?"

"Alisema, Mama."

"Alisema vizuri?"

"Vizuri sana."

Brígida alifanya ishara ya msalaba, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu akikwangua sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Obdulia hakuweza kukaa. Alitoka uani akarudi, akafungua kabati akasahau alitaka nini. Alijaribu kumwita Leandro mlangoni kama zamani, na mara hii, kwa mara ya kwanza tangu vuli ile, alikuja na sauti. Lakini ilikuwa ile ya ukutani. Alimwita jina kwa sauti nene, laini, ya mtu mwenye viatu vipya. Alijaribu kumsikia akimkemea baghala. Alimkemea kama mtu anayesoma habari redioni. Alijaribu kumkumbuka usiku wa harusi, alipomnong'oneza upuuzi hadi akacheka, na mtu asiyemjua akamnong'oneza upuuzi uleule. Aliamka Jumatatu akiwa amechoka kama aliyevuna. Jana alikuwa na mume asiye na sauti. Leo hata huyo amechukuliwa.

Asubuhi alikwenda kununua mkate. Alipokaribia mlango wa tanuri alisikia kicheko cha watu wengi. Alipoingia kilikatika kama uzi. Wanawake waliokuwa ndani wakaanza kuutazama mkate kana kwamba hawajawahi kuuona. Cosme mwoka mikate alikuwa bado na tabasamu, hakupata muda wa kulificha.

"Obdulia," alisema, "ile ya jana, yaani Leandro wako, sisi hapa tumekuwa tukisema..."

Mkewe alimkanyaga mguu, waziwazi, mbele ya wote. "Mkate wako huu, Obdulia. Mungu amrehemu marehemu. Na baridi nayo, bado haijaondoka, sivyo?"

"Bado," alisema Obdulia.

Ndivyo desturi ilivyotaka: mwenye msiba hatajiwi sherehe. Mji mzima ulikuwa na jambo moja tu la kuzungumza siku hiyo, na mtu mmoja tu ndiye aliyelindwa asilisikie. Obdulia aliona zile nyuso zilizofungwa, akafikiri, wamejua. Wamejua kwamba nilikaa ukutani na sikumtambua.

Mchana, dengu zikiwa bado mezani, alisimama.

"Nakwenda sinema, Mama."

Brígida aliweka kijiko chini. "Unakwenda kwa Casilda."

"Sinema. Mlango wa mbele."

"Na nguo hizo?"

"Sina nyingine. Zote ulizitia kwenye sufuria."

"Sikiliza, wewe." Ajuza alisimama naye, alimfika mabegani tu. "Wewe utaingia, utakaa gizani, utatoka. Mimi ndiye nitakayeulizwa. Kwenye misa, kwenye mabirika, kaburini kwake. 'Brígida, mkweo amechoka mapema, eh?' Mimi nilivaa nyeusi nikiwa na miaka ishirini na sita, na sijaisikia ngoma tangu siku hiyo. Nani alinisikia nikilalamika?"

"Jana nilisikiliza, Mama."

"Najua ulisikiliza. Unadhani mimi nimezaliwa juzi?"

"Sikumjua."

"Hukumjua nani?"

"Leandro. Alisema, na mimi nikawa kama nimemsikia mpita njia. Na tangu jana kila nikimkumbuka anaongea kwa sauti ile nyingine. Yake mwenyewe imeondoka. Labda nikimwona akiisema, itarudi mahali pake. Nimempoteza mwanao, Mama, wa kwangu na wa kwako."

Mkono wa Brígida ulitafuta rozari mfukoni, ukaipata, ukaishika bila kuihesabu.

"Mke anayemsahau mumewe," alisema hatimaye, "hapati dawa yake sinema."

Obdulia alijifunga shungi, akatoka.

Fulgencio alimwona kutoka kwenye dirisha la tiketi akiwa bado ng'ambo ya uwanja, akaanza kutikisa kichwa kabla hajafika.

"Hapana, Obdulia. Rudi nyumbani, nakuomba kama ndugu. Kesho watanila mimi nyama."

"Nipe tiketi."

"Basi njoo juu kwangu, kwenye chumba cha mashine. Utaona kupitia tundu. Hakuna atakayejua."

"Kiti cha kawaida, Fulgencio."

Aliingia. Ukumbi uliokuwa ukivuma kama soko ulishuka sauti safu baada ya safu, kadiri alivyopita. Alikaa. Mwanamke wa kulia kwake akainuka na kuhama, kisha wa kushoto, akabaki peke yake kati ya viti vitupu kama aliyekalia makaa.

"Hata miaka miwili!" ilisema sauti nyuma.

"Nyamaza, wee, si mumewe?"

"Wangu alipokufa mimi sikwenda hata sokoni."

"Wako alikuwa na deni sokoni. Nyamaza."

Taa zikazimwa. Goyito akaimba akiwa na kondoo, akaimba akiwa mgonjwa, akaimba mbele ya mama asiyejua kwamba ndiye mama yake. Siku nyingine yoyote Obdulia angelia. Sasa goti lake lilikuwa likiruka, akilishika linaruka la pili. Wimbo wa kisimani. Kwato.

Leandro akatokea, mkubwa kama ukuta wa kanisa.

Hakuwa tayari kwa ukubwa huo. Alikiona kidonda cha wembe kwenye kidevu, ambacho alikuwa amekitibu yeye mwenyewe kwa mafuta asubuhi ile. Alikiona kipande cha sigara nyuma ya sikio, ambacho msimamizi hakukiona. Capitana alikuwa ameshaanza kunyanyua mguu. Mvulana akauliza njia, na Leandro akafungua mdomo kama alivyoufungua siku zote, upande, wote, mpaka unaona jino lililokosekana. Na kutoka kwenye mdomo ule ikatoka sauti ya bwana aliyekula chakula cha mchana juu ya kitambaa cheupe.

"Shuka na mto, mwanangu. Mto haupotei."

Kila neno lilitamkwa hadi mwisho wake. Leandro hakuwahi kumaliza neno maishani mwake. Aliyameza mikia yote, kama kila mtu Peñamora. Safari hii hakuna aliyecheka. Jana walicheka hadi machozi. Leo ukumbi mzima ulikuwa umeuma midomo kwa ajili ya shungi moja jeusi.

Lakini sauti ya bwana yule ilikwisha, na mdomo wa Leandro haukuwa umekwisha. Kwa muda wa pumzi moja, kabla picha haijakatwa, midomo iliendelea kwenda kimyakimya, macho yakiwa yamemgeukia baghala aliyekuwa akiondoka. Yule bwana wa sauti laini hakuwa amepewa maneno ya kutia pale. Obdulia alikuwa nayo. Aliyasoma kwenye midomo ile, na yakamfikia katika sauti iliyokuwa yake tangu mwanzo, ya kukwaruza, ya puani, iliyopanda juu mwishoni kama mtu anayeuliza: "Simama wee, shetani wa bibi yako!"

Akacheka. Hakikuwa kicheko cha adabu. Kilitoka kama kikohozi, akakizuia, kikarudi kikubwa zaidi. Alicheka peke yake kwa sekunde chache, mjane mwenye nguo nyeusi katikati ya viti vitupu, kisha ukumbi, uliokuwa umejizuia kwa heshima yake, ukaporomoka nyuma yake.

"Leandro kawa mtu wa Madrid!" alipaza sauti mtu.

"Hata jino limemrudi kwenye sauti!"

Kicheko hicho kilimgharimu. Kwa miezi mingi aliachiwa jiwe la kufulia lililo baya kuliko yote kwenye mabirika, na binamu mmoja wa Leandro aliacha kumsalimu na hakuanza tena hadi kifo. Lakini alasiri ile hakuyajua hayo, wala yasingemzuia.

Fulgencio alimsubiri mlangoni, kofia mkononi.

"Nilitaka kukuambia jana," alisema. "Sote tulitaka. Tungekuambiaje, na msiba ule?"

"Ni nani yule anayeongea?"

"Sijui. Mtu wa kazi hiyo. Huko Madrid wana chumba, wanaitazama picha, wanatia sauti upya, kwa watu wote. Mashine yao ya kupigia picha inanguruma kama kinu, isingesikika hata moja. Yule mtoto mwenyewe, sauti ni yake akiimba tu. Akiongea, wanasema ni mwanamke."

"Wote?"

"Wote, Obdulia. Hata kwato."

Alirudi nyumbani akitembea haraka, karibu akimbie, akirudia moyoni maneno aliyoambiwa baghala ili yasimwagike. Habari ilikuwa imemtangulia. Brígida alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mikono imefungwa kifuani.

"Umecheka," alisema.

"Nimecheka, Mama."

"Msibani. Wamekuja kuniambia, wawili, mmoja hajamaliza mwingine anabisha hodi."

"Si yeye yule. Wamemtia sauti ya mtu mwingine."

Brígida hakuelewa. Obdulia alimweleza: chumba, picha, mtu wa kazi hiyo. Alieleza mara mbili. Uso wa ajuza ulikuwa mgumu, ukawa mgumu zaidi, kisha ukageuka, na hasira yote iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili ya mkwe ikapata mahali pengine pa kwenda.

"Kwa nini?" alisema. "Yake ilikuwa na ubaya gani?"

"Hakuna, Mama."

"Nilimzaa, nikamlisha, nikampeleka na sauti yake nzima kwa padri akabatizwa nayo. Na wao wanaitupa kama ganda la yai? Nani kawaambia mwanangu ni bubu?" Alianza kutembea kutoka mlangoni hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi mlangoni. Alisimama ghafla. "Na wewe sasa unayo?"

"Nadhani."

"Unadhani. Hebu."

Obdulia hakuwa amemwigiza mtu maisha yake yote. Alizitazama zile dengu zilizopoa mezani, akaminya koo. "Dengu tena, Obdulia? Hata farasi wa mfalme hubadilishiwa!" alisema, na mikia ya maneno akaimeza.

Brígida alisikiliza macho yamefumbwa.

"Hapana," alisema. "Unamfanya kama ana mafua. Yake haikutoka kooni. Ilitoka hapa." Alibana mfupa wa pua kwa vidole viwili. "Dengu *tena*, Obdulia?"

"Hapana, Mama, hiyo ni ya utotoni. Mimi niliolewa na mkubwa."

"Mkubwa, mkubwa! Unamfundisha nani? Ilipanda mwishoni, sikiliza..."

"Ilipanda, lakini si mapema hivyo. Alingoja. Alikuwa kwanza anakutazama."

"Basi nitazame. Haya. Sema tena, na usiwe na haraka."

Obdulia, ambaye bado hakuweza kukaa, alivuta pumzi akiwa amesimama, akamtazama mama mkwe wake kama Leandro alivyozoea kuitazama sahani, akangoja.